Ufa Ulio Juu ya Nyumba ya Mama Yako

S.L.P. 31,
Hadlow, Utah.
6 Machi 2014.

Mpendwa mpwa wangu Thayne,

Za huko kwenye barafu? U mzima? Vidole vyote bado unavyo? Sisi huku hatujambo. Mimi goti la kushoto linanisema kila nikishuka ngazi, lakini nakula na nalala, basi sina la kumlaumu Mungu. Mkaza mjomba wako Arvilla hajambo pia, anauliza kama zile soksi za sufu zilifika au zimevaliwa na rubani anayewaletea barua. Mama yako ni mzima wa mwili. Yake mengine nitayafikia, na nakuomba usiruke kurasa kwenda kuyatafuta. Nifuate polepole, maana nataka uelewe nilivyoelewa mimi.

Barua yako ilifika wiki iliyopita, nikaisomea palepale posta nikacheka peke yangu mpaka karani akanitazama. Kumbe nawe umenunua gari la rimoti la kupanda miamba! Wewe uliyekuwa ukituita wazee tunaocheza na magari ya watoto. Hujafa hujaumbika, mpwa wangu. Karibu kwenye chama chetu cha magari ya rimoti.

Unasema ni lile la bei ya chini la wanaoanza, na unataka nikueleze namna ya kuliboresha bila kujifilisi, ili Pasaka ukija nyumbani usituaibishe mbele ya Rulon Pickett na wanachama wengine. Vizuri. Nitakuambia ninayoyajua, na hakuna hata moja litakalokugharimu zaidi ya bei ya chakula cha mchana.

La kwanza usinunue kitu. Toa betri. Gari la dukani hubeba betri nyuma tena juu, kwa hiyo likikutana na jiwe lililosimama linainua pua na kulala chali kama mende. Ishushe chini, isogeze mbele karibu na ekseli, uifunge kwa mkanda. Waya ukiwa mfupi, uunge. Kazi hii haitaki fedha, inataka uvumilivu, na najua upande wa baba yenu mlinyimwa.

Kisha tairi. Zile zinazokuja na gari ni ngumu, zinaruka juu ya jiwe badala ya kulilalia. Zivue, toa sponji iliyo ndani, ipunguze kingo kwa mkasi, na utoboe tundu dogo kwenye rimu ili hewa ipate njia. Ukibonyeza kwa kidole gumba, tairi ikubali bila kubishana.

Halafu uzito. Nenda kwa fundi wa magurudumu huko kambini kwenu, muombe vile vipande vya risasi anavyobandika kusawazisha magurudumu ya malori. Vya zamani atakupa bure. Vibandike ndani ya rimu za mbele, pande zote sawasawa. Uzito ukae chini na mbele, usiuweke juu hata kidogo. Rulon aliweka wake juu ya paa, eti gari liwe na adabu, likabingirika kutoka mwanzo wa njia hadi kwenye miguu ya mkewe. Mkewe akamwambia, "Lina adabu kweli, limekuja kunisalimia."

Mengine ni madogo. Kata bodi pale inapogusa tairi. Paka grisi kwenye viungo vya waya maji yasiingie. Mota ya usukani usiibadilishe mpaka iliyopo ife yenyewe.

Barua ingeishia hapo, lakini unanijua, sipendi kutoa ushauri wa mdomoni tu. Nilisema kabla sijakuandikia niende nikajaribu. Arvilla ana gari kama lako kabisa, lile lile la wanaoanza, halijaguswa hata skrubu. Nikaona nianze nalo lilivyo, kisha niongeze jambo moja moja, nikuandikie kila moja limesaidia nini. Nikapanda nalo juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba ya mama yako, kwenye njia zetu za kila siku.

Hapa nirudi nyuma kidogo. Unaukumbuka ule ufa tunaouita Mfereji, unaokatiza njia ya tatu pale juu. Tangu chama kianze, tunapita juu yake. Magurudumu ya mbele yanafika ng'ambo kabla ya yale ya nyuma kuachia, unavuka. Msimu wa majani kukauka Arvilla aliuvuka na gari lake hilo la dukani, mkono mmoja ameshika rimoti na mwingine kikombe cha chokoleti ya moto. Akatuambia, "Nyinyi wanaume mnahangaika na nini hasa?"

Baada ya Krismasi, magari yakaanza kudumbukia. La kwanza lilikuwa langu. Liliingiza pua likabaki limening'inia, Rulon akasema, "LaVar, gari lako limezeeka, linataka kukaa kila likiona shimo." Nikarudi gereji nikalaumu baridi. Nikasema mpira umekakamaa. Nikabadili sponji, nikaongeza risasi, wiki iliyofuata nikavuka, nikajisifu mpaka Arvilla akaondoka mezani. Wiki iliyofuata tena likadumbukia. La Rulon nalo likadumbukia.

Tulifanya nini? Tulinunua fimbo ndefu za kuunga ekseli. Chama kizima, Thayne. Fimbo ndefu zinasogeza magurudumu ya mbele yawe mbali zaidi na ya nyuma, kwa hiyo gari linavuka pengo kubwa zaidi. Duka la mjini likaishiwa. Tukavuka, tukapongezana, na baada ya muda tukaanza kudumbukia upya, tukaagiza ndefu zaidi. Hakuna mtu mzima hata mmoja kati yetu aliyeinama kulitazama jiwe.

Najua utauliza akili zetu zilikuwa wapi. Umekulia hapa, sheria yetu unaijua. Kwetu jiwe halikosei. Kosa ni la gari au la dereva, na anayesingizia jiwe anaosha magari ya wote jioni ile, huku wenzake wameketi wanakula maharage yake. Baba yako Orval ndiye aliyeileta sheria hiyo, alichoka kusikia visingizio vyetu. Ilitufanya madereva wazuri. Na mwaka huu ilitufunga midomo, kila mtu akiogopa ndoo na brashi.

Sasa, asubuhi ile niliweka gari la Arvilla mbele ya Mfereji bila wasiwasi, maana msimu uliopita tu lilikuwa likipita. Likaenda. Halikuning'inia, halikukwama pua. Lilizama lote, magurudumu manne, kama barua inavyoingia kwenye sanduku. Nikalisikia likigonga, likigonga tena, mbali, kisha kimya. Nililala kifudifudi nikachungulia. Giza tupu, na upepo wa baridi ukinipiga usoni kutoka chini.

Kwa mazoea nikabonyeza rimoti. Unajua mtu anavyofanya, anadhani labda litajitoa. Sikusikia kitu. Nikaendelea kubonyeza na kuachia, na hapo simu ikalia mfukoni. Alikuwa mama yako.

"LaVar, uko huko juu?"

"Niko, dada."

"Njoo unisikilizie. Kuna kitu kinakoroma ndani ya stoo yangu."

"Kinakoroma vipi?"

"Kama mashine ya kunyolea. Nyuma ya chupa za pichi. Panya gani anakoroma hivi?"

Kidole changu kilikuwa bado kimebonyeza. Nikakiachia.

"Kimenyamaza," akasema.

Nikabonyeza.

"Haya, kimeanza tena."

Thayne, sijawahi kuogopa hivyo, na mimi nimefanya kazi chini ya ardhi kwenye migodi ya urani. Ile stoo baba yako aliichonga ndani ya mwamba, futi kwa futi, iko usawa wa jikoni. Kutoka ufa ule hadi stoo ni kimo cha nyumba tatu zilizobebana. Gari limepita katikati ya jiwe lote hilo bila kuzuiwa. Maana yake hakuna jiwe lililoshikamana tena hapo. Kuna kipande kikubwa kimesimama peke yake, na nyumba ya mama yako iko mbele yake.

Nilishuka nikijikwaa. Tukahamisha chupa za pichi alizosindika, yeye akishika tochi na kunionya nisivunje. Nyuma ya rafu ya chini kulikuwa na ufa wa kuingiza mkono. Nikauingiza, nikagusa tairi kwa ncha za vidole. Ilizunguka, lakini gari sikuweza kulishika.

"Basi litoe," akasema, "linanisumbua usingizi wa mchana."

Nikamweleza. Nilimweleza taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta vumbi kwenye chupa moja, akairudisha mahali pake.

"Orval alilichokoza jiwe hili kwa nyundo miaka yote ile," akasema. "Kama lingekuwa la kuanguka, lingemwangukia yeye."

"Dada, njoo ukae kwetu. Mwezi mmoja tu."

"Kwenu kuna mbwa wawili na redio inayopiga kelele. Halafu Thayne anakuja Pasaka. Nimeshamtandikia. Atafikia wapi mtoto wangu, kwenye kochi lako?"

Nilimwita mhandisi wa kaunti. Alikuja mwanamke mmoja makini, akapanda juu, akashuka, akaingia stoo, akatoka uso umembadilika. Alimwambia mama yako wazi kabisa ahame siku ile ile. Lakini nyumba ni mali yake na yeye ni mtu mzima mwenye akili zake, hakuna mwenye uwezo wa kumbeba. Mhandisi akafunga utepe mwekundu kuzunguka ua. Mama yako akampa chupa ya pichi, na alipoondoka akaufungua utepe, akautumia kufungia geti la kuku.

Nilikiambia chama pia. Tulikutana kwa Rulon, nikasimama nikasema, "Safari hii nasingizia jiwe." Nikangoja wacheke. Rulon alivua kofia yake akaishika magotini. Hakuna aliyeniletea ndoo.

Tangu hapo naenda kwake kila siku, nikijifanya nimepita kunywa maziwa. Mambo hayako sawa. Mchana theluji inayeyuka huko juu, maji yanaingia kwenye ufa, usiku yanaganda na kusukuma. Ukiketi jikoni unasikia mlio mdogo ukutani, kisha kimya kirefu, kisha tena. Mama yako anasema ni friji. Nilichomoa friji mbele ya macho yake, mlio ukaja. Akasema basi ni bomba.

Mlango wa stoo umegoma kufunga. Nilipofika juzi nilimkuta ameupiga randa, sakafu imejaa maranda, naye anajisifu kwamba sasa unafunga vizuri. Jana ulikuwa umegoma tena, na randa ilikuwa tayari mezani. Thayne, anafanya kile kile tulichofanya sisi na tairi zetu.

Na jana hiyo hiyo niliingiza mkono tena kwenye ule ufa, nikitaka angalau kulitoa gari la Arvilla. Ile siku ya kwanza nililigusa kwa vidole nikiwa nimeingiza mkono hadi kiwiko. Jana mkono uliingia wote, bega likagonga rafu, na vidole vikagusa hewa. Limeshuka zaidi, kwa sababu ufa umepanuka. Nilimwambia dada yangu twende sasa hivi, alivyo, na aproni yake. Akanishika shavu kama nilipokuwa mdogo, akasema nina wasiwasi wa wazee.

Sasa naja kwenye ombi langu, na nakuomba unisamehe kabla sijalisema.

Arvilla ndiye aliyemtega. Alimuuliza kwa upole, wakichambua maharage, kama kuna chochote kingemfanya aje kukaa kwetu. Mama yako alijibu bila kufikiri. "Kama Thayne asingekuwa anakuja, ningekuja hata kesho. Nyumba kubwa kwa mtu mmoja inachosha. Lakini mtoto akirudi amkute mama yake nyumbani kwake."

Umesikia. Anakaa chini ya jiwe lile kwa ajili yako. Nilijaribu kumdanganya kwamba umeahirisha safari, akanitazama tu, akaniuliza ungenieleza mimi kabla yake kwa sababu gani. Nikamwambia basi Thayne mwenyewe atalala kwetu, akasema ukishanusa mkate wake utabadili mawazo. Anaamini mwandiko wako peke yake.

Kwa hiyo mwandikie kwamba huji. Usiseme labda, usiseme utajaribu. Sema zamu imebadilishwa, sema lolote linaloingia akilini, lakini akimaliza kusoma ajue kitanda kile hakina wa kukilalia. Usimtajie jiwe, maana akiona jiwe atajua ni mimi. Najua unavyoitamani safari hii, na najua ni muda gani hamjaonana. Najua pia kwamba uongo ni dhambi. Huu uandikwe kwangu, nitaujibu nikifika mbele ya Mungu.

Nilipiga simu kwenye ofisi yenu ya mjini. Binti aliyepokea alisema huko mliko hakuna mawasiliano, barua zinaenda na ndege ya chakula. Nimemwomba kwa machozi hii ipande ndege ya kwanza na jibu lako lirudi na ndege hiyo hiyo. Kwa hiyo ukimaliza kusoma, usiende kula kwanza. Rubani akiwa anateremsha magunia, wewe keti uandike.

Atalia, Thayne. Atasema umemsahau, atasema kazi imekubadilisha, na hilo litamuuma kuliko yote aliyoyapata tangu baba yako afariki. Mwache alie. Ila alie jikoni kwangu, Arvilla akiwa pembeni yake, na mbwa wakimlalia miguuni. Wewe ukija utamwomba radhi, atakupiga kibao, halafu atakupikia.

Nisalimie yule binamu yako Merrill aliye nawe huko, mwambie tunamwombea. Msalimie na mzee Ostler mpishi wenu, uliyeniandikia habari zake. Hapa Arvilla anakusalimu tena, Rulon na mkewe wanakusalimu, na mama yako, ambaye hajui kwamba naandika, aliniambia jana nikikuandikia nikuambie blanketi lako la bluu amelianika juani.

Mungu akulinde kwenye baridi hiyo. Na Yeye ambaye ameushika mwamba ule mpaka leo, aendelee kuushika mpaka wino wako ukauke.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye kwa dhati,

LaVar Tebbs